Kusomea prodaksheni ya sauti chuo cha jamii, vipi?

Wadau, nataka kusomea prodaksheni ya sauti chuo cha jamii ila watu wanasema YouTube inatosha. Mliopita huko mnasemaje?

Jibu: Nenda mkuu. YouTube haikusimamii pale umeweka maiki mbili kwenye snea (ile ngoma ya drams yenye mlio mkali), moja juu moja chini, sauti inatoka nyembamba hujui kwa nini, mwalimu anakwambia geuza fezi ya ile maiki ya chini (yaani pindua wimbi lake la sauti, lisipingane na la juu), unageuza, uzito unarudi hapo hapo, hiyo husahau.

Jibu: Kweli kabisa, ila ulizia kwanza wanafunzi wanapewa masaa mangapi ya studio, hiyo ndo muhimu kuliko cheti.

Jibu: Na anza kurekodi sasa hivi, weka biti 24 kwenye programu ya kurekodia, kilele (pale sauti inapokuwa kubwa zaidi) kiishie -10 dB hivi kwenye mita, usihofu ikisikika ndogo utaipandisha baadaye.

Muuliza swali: Asanteni sana, masaa ntaulizia.