Wapanda baiskeli wa Dar: mnakaa ukingoni kabisa mwa lami au mnaingia ndani?

Phoenix_ya_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Natoka Tabata Relini kwenda Gerezani, niko duka la spea. Napita Mandela hadi Buguruni, kisha naishika Uhuru mpaka mjini. Baiskeli ni Phoenix ya chuma, breki zinashika, taa ya nyuma inawaka. Shida yangu ni watu wenye simu.

Wiki hii, kabla ya Buguruni Sheli, IST nyeupe ikaanza kunibana. Haikuwa kasi, ilikuwa inaniegemea tu polepole kama mtu anayesinzia. Nikachungulia dirishani: simu iko juu ya usukani, kidole gumba kinapandisha picha. Nikapiga bodi kwa kiganja. Jamaa akashtuka, akashusha kioo, akanitukana kwa kugonga gari la watu. Simu bado anayo mkononi!

Sasa swali. Mimi hukaa ukingoni kabisa, tairi inakaribia kugusa mchanga. Mwenzangu wa dukani anasema niingie ndani kama mita moja. Naona huko ni kujitafutia kifo. Ninyi mnakaaje?

Suka_wa_Kontena
Mkuu, mimi navuta kontena kutoka bandarini, Mandela ndiyo ofisi yangu. Nikwambie hali ilivyo ukiwa juu ya kabini. Usukani uko kulia. Upande wa utingo, kuanzia mlangoni kurudi nyuma, kuna sehemu kubwa ambayo hata vioo ving'ae vipi sikuoni. Wewe kwenye foleni unapenya kushoto kwangu kwa sababu nafasi ipo. Taa zikiruhusu nikakata kushoto, kichwa kinakupita vizuri unajiona umepona, kumbe tela halifuati njia ya kichwa. Tairi za nyuma zinaingia ndani, zinakula kona yote. Wengi wanaokandamizwa na semi wanakandamizwa hivyo, gari likiwa mwendo wa kutembea. Usipenye kushoto kwa semi hata kama limesimama. Kama huuoni uso wangu kwenye kioo changu, jua na mimi sikuoni.

Kuhusu simu, madereva tunajidanganya. Hata ukienda 50 kwa saa, spidi halali ya maeneo ya makazi, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kusoma "uko wapi?" na kuinua macho ni sekunde 3. Umeshatembea mita 40 na ushee bila kuangalia mbele.

kijana_mjini
Nunua gari, bro.

Mzee_wa_Maziwa
Huyo mwacheni.

Mwanangu wa Tabata, mwenzako wa dukani yuko sahihi. Nimesambaza maziwa kwa baiskeli miaka mingi, madumu mawili nyuma. Ukikaa mchangani dereva anakuhesabu na nguzo za umeme, hapunguzi. Tena lami yetu pembeni imeliwa. Ukifika penye shimo unalazimika kuchomoka ghafla mbele ya gari. Ukikaa ndani kidogo unakwepa bila kumshtua mtu, na akikubana unayo pa kukimbilia. Ila malori yakiongozana, shuka usukume. Hakuna anayegawa medali.

MamaNuru_Ilala
Mimi ni wa upande wa magari. Mnasahau milango. Nikipaki Uhuru, mlango wangu wa kulia naufungua kwa mkono wa kushoto. Jaribuni: bega linageuka lenyewe, shingo inafuata, unaangalia nyuma utake usitake. Uholanzi ndivyo wanavyofungua. Nyie wa baiskeli nanyi msipite mmeligusa gari lililopaki, achieni nafasi ya mlango mzima.

Phoenix_ya_Tabata
Shikamoo mzee. Nikikaa ndani daladala zinanipigia honi mpaka masikio yanaziba. Nifanyeje?

Mzee_wa_Maziwa
Marahaba. Mwache apige, si ameshakuona? Pakipanuka mpishe, nyoosha mkono umshukuru, wanapenda. Huyo wa IST hakukupigia honi hata moja.

Suka_wa_Kontena
Na usiku, taa ya nyuma peke yake kwa mbali naichanganya na taa nyingine za mjini. Weka rifleksa kwenye pedeli. Zinapanda na kushuka, hapo akili inajua mara moja huyu ni mtu wa baiskeli. Halafu si uko kwenye spea? Chukua ule mkanda wa kung'aa wa malori, kata vipande ubandike kwenye madigadi na fremu.

Phoenix_ya_Tabata
Tunao, wa nyekundu na wa nyeupe. Nyekundu nyuma, sio?

Suka_wa_Kontena
Nyekundu nyuma, nyeupe mbele. Futa vumbi kwanza, la sivyo unabanduka siku hiyohiyo.