Breki ya diski ya kebo kwenye gokati haishiki: tuitengeneze, tuweke fimbo, au tuhamie mfumo wa mafuta?

Mwalimu wa Njoro

Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu kabla sijapeleka ombi la fedha kwa mwalimu mkuu. Klabu ya ufundi ya shule yetu huku Njoro imeunda gokati (kigari kidogo cha mbio) yenye fremu ya mabomba ya chuma, injini ya nguvu za farasi 6.5 ya aina ile inayoendesha pampu za maji mashambani, na ekseli moja ya nyuma inayozungushwa kwa cheni. Breki ni diski moja ya milimita 160 iliyofungwa kwenye ekseli hiyo, na kalipa yake (kifaa kinachoibana diski kati ya pedi mbili) inavutwa kwa kebo inayotoka kwenye pedali. Mwendo ukiwa mdogo gokati inasimama vizuri, lakini ikishapata kasi dereva hukanyaga mpaka pedali inagusa bomba la mbele, na bado inaendelea kwenda.

Nimepewa mapendekezo manne na watu mbalimbali: kubadilisha kebo na pedi tu, kuondoa kebo na kuweka fimbo ya chuma, kununua diski kubwa ya milimita 200, au kuhamia breki ya mafuta iliyotolewa kwenye pikipiki, ambayo husukuma pedi kwa mafuta ya breki badala ya kebo. Fedha ni za shule, kwa hiyo kila shilingi itaulizwa, lakini wanaoendesha ni watoto wa watu na gokati haitatoka bandani mpaka breki ishike. Mngeanza na lipi, na kwa sababu gani?

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Mwalimu, zingatia jambo ulilolitaja wewe mwenyewe, kwamba pedali inafika mwisho. Breki dhaifu ni za aina mbili na dawa zake ni tofauti kabisa. Pedali ikiwa laini na ikazama hadi mwisho, mwendo wa mguu unapotea njiani kabla ya kufika kwenye pedi. Pedali ikiwa ngumu, mguu ukasukuma kwa nguvu zote na gari lisisimame, basi nguvu imefika lakini pedi haziishiki diski inavyopaswa. Anayekwambia ununue mfumo mpya kabla ya kukuuliza yako ni ipi kati ya hizo mbili anakisia tu, na wakati mwingine gari moja huwa na magonjwa yote mawili.

Zima injini, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, mwanafunzi mmoja akanyage kwa nguvu na kuachia, akanyage na kuachia, nawe upige magoti nyuma ukikagua sehemu moja baada ya nyingine. Anza na bamba linaloshikilia kalipa. Weka kidole kwenye kona ambapo bamba linakutana na fremu, kwa maana kidole hutambua mwendo ambao jicho halioni. Bamba jembamba lililochomelewa upande mmoja hupinda kila breki inapovutwa, na mwendo unaoishia kwenye kupinda huko haufiki kwenye pedi. Kisha tazama ganda la kebo: likijinyoosha kwenye kona au likijibonyeza kwenye ncha zake, hapo pia unapoteza. Ganda la kebo ya gia ya baiskeli lisitumike kamwe kwenye breki, kwa kuwa waya zake zimelala kwa urefu na nguvu za breki zinaweza kuzichomoza nje ya plastiki. Ganda la breki lina waya uliozungushwa kama springi.

Baada ya hapo kagua mkono wa kalipa, na hapa usiwe na haraka. Ndani ya kalipa nyingi za kebo mna gololi zinazopanda vijia vya mwinuko mkono unapozunguka, na kupanda huko ndiko kunakoisukuma pedi. Kebo na mkono vinapaswa kukutana kwa pembe ya digrii 90 wakati pedi zinapoibana diski. Pembe ikiwa digrii 45, ni asilimia 71 tu ya mvuto wa kebo inayouzungusha mkono. Watu wengi hukaza kebo ili kufidia pedi zilizolika, mkono ukaanza safari yake ukiwa tayari umeshafika nusu, na hapo breki hudhoofika zaidi ingawa pedali inaonekana imekuwa fupi. Pedi zikilika, sogeza pedi na si kebo. Kwenye kalipa za aina hii mara nyingi pedi moja ndiyo inayosogea, na ile nyingine hurekebishwa kwa skrubu. Ilete karibu na diski kadiri inavyowezekana bila kusugua, la sivyo pedi inayosogea itatumia mwendo wake kuikunja diski badala ya kuibana.

Tena piga mstari wa rangi kutoka kwenye kitovu cha diski hadi kwenye ekseli. Mstari huo ukikatika baada ya kuendesha, diski inazunguka juu ya ekseli, na hakuna pedi duniani itakayokusaidia.

Chuma cha Kakamega

Namheshimu fundi, lakini mimi ningehamia mfumo wa mafuta moja kwa moja. Kebo huanza kuchakaa siku unayoifunga, ilhali mfumo wa mafuta hujirekebisha wenyewe pedi zinapolika. Spea za pikipiki zenye diski ya mbele zinapatikana katika kila mji wenye bodaboda, kuanzia Nakuru hadi Busia.

Hesabu yake ni rahisi. Masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) yenye kipenyo cha milimita 12.7 ikisukuma kalipa yenye pistoni moja ya milimita 30, nguvu huongezeka takriban mara 5.6, kwa kuwa huo ndio uwiano wa maeneo yake. Ongeza pedali inayozidisha nguvu mara 4, na mguu unaosukuma kwa uzito wa kilo 8 tu utazibana pedi kwa nguvu ya niutoni zipatazo 1,750. Mtoto yeyote wa sekondari anaweza kukanyaga hivyo bila kutoka jasho.

Mama Karakana, Nakuru

Kaka wa Kakamega, hesabu yako ni sahihi, lakini inachukulia kwamba pedi ni kavu. Mwalimu amesema ekseli inazungushwa kwa cheni, na sijaona gokati nyingi za kujitengenezea ambazo cheni haikuwa karibu na diski. Cheni ikipakwa oili na kuzungushwa kwa kasi, hurusha matone madogo pande zote. Fungua pedi, Mwalimu, uzitazame kwenye mwanga wa jua: uso ukiwa mweusi unaong'aa na ukiteleza chini ya kucha, zimelowa. Msuguano ukishuka hadi theluthi yake, utahitaji kubana mara tatu zaidi ili kupata breki ileile, na ukiweka kalipa ya mafuta mahali palepale penye oili, pedi zake zitalowa vilevile.

Nami siupingi mfumo wa mafuta, ila una masharti ambayo hayajatajwa. Masta silinda ya kwenye usukani wa pikipiki ina kikopo kinachopaswa kukaa wima, na kalipa inapaswa kufungwa huku tundu lake la kutolea hewa likiwa juu, kwa sababu hewa hupanda. Ukiigeuza ili ienee kwenye fremu yako, hewa hubaki ndani na pedali inakuwa laini kuliko ya kebo. Mafuta yawe yaleyale yaliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4 (madaraja ya mafuta ya breki), kamwe yasiwe oili ya injini, kwani oili huzivimbisha raba za ndani. Mafuta hayo pia hunyonya unyevu. DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi, lakini kiwango cha chini kinachokubalika ikishanyonya maji ni nyuzi 155. Gokati inayokaa bandani muhula mzima itahitaji mtu wa kukumbuka kuyabadilisha.

Kijana wa Bungoma

Pedi zikilowa oili si lazima kununua nyingine. Ziweke juu ya makaa mpaka moshi uishe, kisha uzipige msasa.

Mama Karakana, Nakuru

Mdogo wangu, usimpe mwalimu ushauri huo. Pedi imegandishwa kwenye bamba lake kwa gundi, na moto wa makaa haupimiki. Gundi ikiungua, pedi inaweza kubanduka siku mtu anapokanyaga kwa nguvu zaidi, yaani siku anapoihitaji kuliko siku zote. Pedi iliyonyonya oili inatupwa. Diski ndiyo inayosafishwa, kwa spiriti safi na kitambaa ambacho hakijagusa grisi. Petroli ya kituoni huweza kuacha utando.

Mhandisi wa Milimani, Kisumu

Naomba niweke tarakimu kwenye suala la diski kubwa. Tuseme gokati na dereva wana kilo 180, na magurudumu ya nyuma yana nusu-kipenyo cha milimita 140. Gokati inayofunga breki nyuma pekee kwenye lami kavu haiwezi kupunguza mwendo kwa zaidi ya takriban 0.4 ya mvutano wa dunia, kwa sababu inapofunga, uzito huhamia mbele na tairi za nyuma hupungukiwa na mshiko. Kwa kiwango hicho, kutoka kilomita 40 kwa saa itahitaji mita 16 hivi kusimama, mbali na umbali unaopita kabla dereva hajakanyaga. Kwa diski ya milimita 160 na msuguano wa 0.4, pedi zinapaswa kubana kwa niutoni 1,760 hivi. Kwa diski ya milimita 200 ni 1,370. Nafuu hiyo ni ya kweli, takriban asilimia 22, lakini haitoshi kufidia pedi zilizolowa wala bamba linalopinda, na kabla ya kununua inakubidi upime nafasi kati ya ekseli na ardhi.

Kutokana na hayo kuna kipimo cha bure. Magurudumu ya nyuma yakiweza kugoma, yaani kuacha kuzunguka na kuteleza, kwenye lami kavu kwa mguu wa kawaida, breki imeshafika mwisho wa uwezo wa tairi, na fedha za ziada hazitafupisha umbali wa kusimama hata kidogo. Kuanzia hapo tatizo likibaki ni mwendo mkubwa kupita kiasi, na dawa yake ni kuongeza meno ya sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linalozungushwa na cheni).

Badala ya kebo au mafuta, mimi ningechagua fimbo. Fimbo ya chuma ya milimita 8 inayovutwa moja kwa moja haina ganda la kujibonyeza, haina hewa wala raba, na inatengenezwa jua kali kwa kukata nyuzi za skrubu kwenye ncha zake mbili na kuweka nati za kufungia. Inahitaji tu njia iliyonyooka kutoka kwenye pedali hadi kwenye kalipa, na kwa kuwa gokati haina springi za magurudumu, umbali huo haubadiliki sana njiani.

Mwalimu wa Njoro

Tumefanya kama mlivyoelekeza, na wanafunzi wamejifunza mengi kwa kuweka vidole kuliko kwa michoro yangu ubaoni. Bamba la kalipa lilikuwa likipinda waziwazi, na pedi zilikuwa nyeusi zinazong'aa upande wa cheni. Mstari wa rangi haukukatika. Tumechomelea bamba la milimita 6 lenye pembetatu ya kulitegemeza, tumeweka pedi mpya, tumetenga cheni kwa kinga ya bati, na mkono wa kalipa sasa unakutana na kebo kwa pembe ya mraba wakati wa kubana. Pedi tulizizoesha kwa kupunguza mwendo mara nyingi bila kusimama kabisa, zikipoa kati ya mara moja na nyingine.

Kwenye lami magurudumu yote mawili yanagoma. Kwa hiyo diski kubwa na mfumo wa mafuta nimeviondoa kwenye ombi, nikabakiza fimbo, kwa sababu pedali bado ina ulaini kidogo ambao naona unatokana na ganda refu la kebo. Je, fimbo itoshe peke yake?

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Isitoshe peke yake, Mwalimu. Kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) za karti, yaani gokati, za mashindano zinataka kiungo kati ya pedali na pampu ya breki kiwe maradufu, na kama ni kebo, isipungue kipenyo cha milimita 1.8. Kalipa yako haina pampu lakini hatari ni ileile, basi funga waya wa pili sambamba na fimbo, ulegee kidogo ili usifanye kazi mpaka fimbo ikatike au nati ifunguke. Weka springi ya kurudisha pedali, ili pedi zisiendelee kusugua na kupata joto mguu ukiwa umeondoka. Nati za fimbo zifungwe mbili mbili kila ncha na kutiwa alama ya rangi, na mwanafunzi mmoja apewe kazi ya kukagua alama hizo kabla injini haijawashwa.

Chuma cha Kakamega

Kwa magurudumu yanayogoma, nami naunga mkono fimbo. Pima urefu wake pedali ikiwa imekanyagwa na pedi zikiwa zimebana, kisha hakikisha bado kuna nafasi ya vidole viwili kabla pedali haijafika kwenye bomba la mbele.