Pesa ya utafiti wa shahada ya kwanza: apewe mwanafunzi au msimamizi?

Mleta mada: Wakuu, poleni na joto la Tanga. Juzi barazani kwetu Ngamiani ulizuka ubishi uliodumu mpaka kahawa ikaisha: vyuo vitenge fungu la utafiti kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza, au ni kumwaga hela? Nasema litengwe, ila lisiingie mfukoni mwa mwanafunzi. Limlipe mwalimu anayemsimamia.

Natoa ushahidi wangu mwenyewe. Mwaka wa tatu, chuo sikitaji, dodoso zangu 60 zilijazwa chumbani usiku mmoja. Tulikuwa wanne: kalamu ya bluu, kalamu nyeusi, na mwenzetu mmoja akaandika kwa mkono wa kushoto ili miandiko isifanane. Msimamizi nilimwona siku ya kupitisha mada na siku ya kusaini. Nikapata B+. Bodi ya Mikopo ina kipengele cha utafiti, na hela yangu niliipata. Ilinunua godoro. Hakuna aliyeniuliza. Tukiongeza hela bila mtu wa kukufuatilia, si tunaongeza magodoro?

Na kazi za utafiti zimejaa hapa hapa. Wakulima wa mwani wanajua aina ya kotonii ina bei kuliko ile ya spinosamu, lakini maji yakipata moto inaoza kwenye kamba. Wanafunzi watano, kipimajoto, daftari, na mwalimu anayeshuka nao pwani bamvua kwa bamvua mwaka mzima. Hapo utapata majedwali ambayo hakuna wa kuyapika chumbani.

Mzazi, Chumbageni: Mwanangu na wenzake wanalala wanne chumba cha wawili. Wewe unazungumzia kipimajoto cha mwani! Digrii ya kwanza ni ya kujifunza, utafiti uanzie shahada ya umahiri.

Mwenye steshenari: Mnataka tufe njaa sasa. Nani atakuja kubadilishiwa jina la wilaya kwenye ripoti ya mwaka jana? 😂

Mhadhiri: Mleta mada, umenigusa lakini dawa yako siyo. Mwaka huu nina wanafunzi 38 wa kusimamia, juu ya vipindi vyangu vya kawaida. Sura ya pili ya mmoja, nikiisoma kwa haki, inanimalizia asubuhi. Nikitaka kupanda cheo naulizwa machapisho. Haulizwi mtoto wa watu niliyemfundisha kusoma jedwali. Ukinipa posho na vipindi vikabaki vile vile, nitasaini kama nilivyokuwa nasaini, tofauti nitakuwa nimelipwa.

Mvuvi mstaafu: Silikanti, wale samaki wa kale waliodhaniwa wametoweka, walianza kunaswa kwenye majarife yetu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wataalamu wakaja na kamera, 2009 tukawekewa hifadhi ya bahari. Waja leo waondoka leo. Wanafunzi wa hapa mkoani sikuwaona ufukweni wakiuliza tulimpata kina gani, saa ngapi. Wazee wenye majibu wanapungua.

Mleta mada: Mzee, hilo limeniuma. Mhadhiri, hapo kwenye posho umenipiga, nakubali. Basi anunuliwe muda: chuo kiajiri wasaidizi wa kufundisha, msimamizi apunguziwe vipindi na wanafunzi, na usimamizi uhesabiwe kwenye kupanda cheo.

Mzazi, vitanda sivipingi. Ila angalia: Chuo Kikuu Mzumbe wanajengewa kampasi wilayani Mkinga kupitia HEET, mradi wa vyuo vikuu wa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Jengo likikosa fungu watu wanapiga kelele, na ni haki yao. Msimamizi akikosa muda, kelele anapiga nani? Na ukisubiri umahiri, jiulize wangapi wanafika huko. Wengi wanaishia na ripoti kama yangu, kisha wanaajiriwa halmashauri kukusanya takwimu za kilimo. Wanazijazia wapi? Mimi najua zinavyojazwa.

Mhadhiri, swali moja tu: ukipunguziwa vipindi vingapi utashuka na vijana pwani?

Mhadhiri: Viwili kwa wiki. Na buti za mpira, urchini wa Mkinga, wale wenye miiba baharini, nawajua.