Pikipiki ndogo ya porini kwa binti wa miaka 12: aanze na ipi?

MzaziWaVumbi: Wakuu, heshima kwenu. Binti yangu ana miaka 12, urefu sentimeta 148. Baiskeli anaimudu, pikipiki hajawahi kuendesha. Anaing'ang'ania Yamaha YZ85 kwa sababu kaona wenzake wanashindania. Mimi naegemea Honda CRF110F, mama yake anataka Yamaha TT-R125 ili isiwe ndogo kwake mapema. Ni ya porini tu, barabarani haendi. Mnasemaje?

TopeMagotini: YZ85 sahau, mkuu. Hiyo ni ya mashindano: tu-stroki, gia 6, kuwasha ni kiki tu. Injini ikizunguka polepole imelala, ukiongeza moto kidogo inaamka yote kwa mpigo. Na anayejifunza akishtuka, mkono wake hukaza eksileta badala ya kuiachia.

FundiMnyamavu: Acheni cc za injini, pimeni miguu. Mpandishe akiwa na buti zake, miguu yote miwili ikanyage chini. Kiti cha CRF110F kiko kama sentimeta 66, cha TT-R125LE kama 80. Kwenye 80 atasimamia vidole. Mgeni wa pikipiki huanguka zaidi akiwa anasimama: amesimama kwenye mteremko, mguu wa upande wa bondeni haufiki chini, kwisha habari.

KlachiKwanza: CRF110F haina mkono wa klachi, gia zote 4 ni mguu tu. Akihamia kubwa ataanza upya. Mimi siiungi mkono.

FundiMnyamavu: Siku ya kwanza ana breki, eksileta, na mti ulio mbele yake. Klachi inaweza kusubiri. Lakini kama mnaitaka mapema, Kawasaki KLX110R L ina klachi ya mkono na kiti ni kama sentimeta 73. Hiyo ningemjaribisha.

MzaziWaVumbi: Hiyo L sikuijua, shukrani. Nikipata iliyotumika, nikague nini?

FundiMnyamavu: Toa filta ya hewa kwanza. Ukikuta vumbi ndani, upande wa kabureta, injini imekula mchanga, aga uondoke. Meno ya sproketi yakipinda kama kulabu, hesabu gharama ya kubadilisha cheni na sproketi zote mbili. Halafu bonyeza shokapu za mbele mara kadhaa, upitishe kidole. Kikitoka na oili, sili zimekwisha. Hilo mnamalizana kwenye bei.

TopeMagotini: Helmeti na buti zitangulie, zisingoje chenji.

MzaziWaVumbi: Mama yake anauliza, hiyo L ina staata?

FundiMnyamavu: Ina staata, na kiki pia.