Herufi za "Kiafrika" kwenye mabango ya Arusha: ni zetu kwa lipi?

Ndugu mleta mada amependekeza kwamba kampuni za utalii, hoteli na maduka ya vinyago hapa Arusha yahimizwe kuandika majina yao kwa herufi zenye "sura ya Kiafrika", ili mgeni atambue mara moja kwamba amefika kwetu. Nia yake naiunga mkono kwa moyo wote. Njia aliyoichagua naipinga, kwa sababu herufi anazozitetea hazikutoka kwetu.

Herufi hizo tunazifahamu: nene, zisizolingana, kana kwamba zimechongwa kwenye gogo. Chimbuko la nyingi kati yake ni aina ya herufi za kupigia chapa iitwayo Neuland, iliyotengenezwa mwaka 1923 na Mjerumani Rudolf Koch, ambaye alizikata kwenye chuma kwa mkono wake bila kuzichora kwanza. Ni kazi ya fundi hodari, lakini haikubuniwa kwa ajili ya Afrika. Watangazaji wa biashara wa Ulaya na Marekani ndio walioizoesha kwenye kila kitu cha porini, nasi leo tunaipakua kwenye intaneti na kumuuzia mgeni picha aliyokuja nayo kichwani.

Mchangiaji mmoja amemjibu kwamba hatuna cha kuweka badala yake, kwa kuwa hatukuwahi kuwa na maandishi. Hilo nalo silikubali. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya hizi za Kirumi. Barua za Kilwa za karne ya 18 zimehifadhiwa Goa, India, na hata kampuni ya Kijerumani iliyokuja kututawala ililazimika kuandika jina lake kwa herufi hizo kwenye sarafu za mwaka 1890. Huku bara, mmisionari Bruno Gutmann aliandika kuhusu vijiti vya mikato ambavyo Wachaga walivitumia kuwafundishia vijana, kila mkato ukiwa na somo lake. Ngao za Wamasai nazo zilipakwa alama za rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe zilizotambulisha kundi la mwenye ngao, na ipo alama ambayo hakuruhusiwa kuipaka ila aliyeonyesha ushujaa vitani. Naomba tulitafakari hili la mwisho: alama ilikuwa na mwenyewe na masharti yake, ilhali leo inabandikwa kwenye pakiti ya kahawa na mtu asiyejua inasema nini.

Hata hivyo, sishauri mabango ya Arusha yaandikwe kwa herufi za Kiarabu, maana wapita njia wengi hawatayasoma, na maandishi yasiyosomwa hubaki pambo tu. Ndugu wawili wa Guinea, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walipobuni herufi za Adlam kwa ajili ya Kifula mwaka 1989, walianza kwa kuwafundisha watu kusoma na kuandika. Kompyuta zilikuja kuzitambua baadaye, kupitia toleo la mwaka 2016 la Unicode, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta. Wasomaji walitangulia.

Ninachokipendekeza ni kwamba tuendelee na herufi za Kirumi tunazozisoma, ila wachoraji wetu wazichore upya kwa kufuata kazi za mikono ya hapa: mpangilio wa shanga, mikato ya vijiti, na mwandiko wa mafundi wa mabango ambao bado wanaandika kwa brashi ukutani, kazi ambayo kwa maoni yangu inadharauliwa mno. Wanafunzi wa usanifu wa michoro wafundishwe pia mwandiko wa kale wa Kiswahili, wautumie pale penye msomaji wake. Na anayechukua mchoro wa shanga kwa akina mama wa Monduli au Longido awaulize kwanza, kisha awalipe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu nzima inayohusu sanaa za jadi, kwa hiyo hili si suala la hisani.

Mleta mada, chini ya pendekezo lako, malipo ya sura hiyo ya Kiafrika yatamfikia nani?