Kompyuta ya kuchakata picha za MRI za ubongo: fedha ziende kwenye prosesa, RAM au kadi ya grafiki?

Mtafiti_Dodoma

Habari za majukumu, ndugu zangu. Naomba ushauri wenu kabla sijapeleka ombi la manunuzi kwa msimamizi wangu wa utafiti. Nina picha za MRI za ubongo za washiriki 220, nusu yao wakiwa watu wenye kifafa na nusu wasio na ugonjwa huo, na kazi yangu ni kupima ujazo wa hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) pamoja na unene wa gamba la ubongo kwa kutumia FreeSurfer toleo la 7.4.1, programu inayopima sehemu za ubongo kutoka kwenye picha za MRI. Kompyuta niliyonayo ni laptop ya Windows yenye prosesa ya viini 4 na RAM ya GB 16, na FreeSurfer naiendesha ndani ya WSL2, yaani Linux inayofanya kazi ndani ya Windows.

Picha ya mshiriki mmoja huchukua kati ya saa 8 na 10. Nikijaribu kuendesha mbili kwa pamoja, kompyuta inakuwa nzito kupita kiasi na zote mbili huchelewa kuliko kama ningeziendesha moja baada ya nyingine. Kwa hesabu hiyo, hata kama laptop haitapumzika usiku wala mchana, kazi itachukua miezi miwili na nusu hadi mitatu, na hapo sijahesabu picha zitakazolazimika kurudiwa baada ya kukaguliwa.

Bajeti niliyoruhusiwa ni shilingi milioni 5. Muuzaji wa vifaa niliyezungumza naye ananisisitizia kwamba kazi yoyote ya picha inahitaji kadi kubwa ya grafiki, na katika orodha aliyoniandikia kadi hiyo imechukua zaidi ya nusu ya fedha, huku prosesa ikibaki ya viini 6 na RAM ikibaki GB 16. Je, mgawanyo huo ni sahihi kwa kazi kama hii? Na je, picha ambazo tayari nimezichakata kwenye laptop ninaweza kuzichanganya na zile zitakazochakatwa kwenye kompyuta mpya?

Seva_na_Nyuzi

Ndugu Mtafiti, usinunue chochote kabla hujajua muda wako unaliwa na hatua gani. FreeSurfer yenyewe inakuandikia jambo hili. Ndani ya folda ya kila mshiriki kuna folda ndogo iitwayo scripts, na humo kuna faili la recon-all-status.log. Kila mstari wenye alama #@# hutaja jina la hatua iliyoanza pamoja na tarehe na saa yake, kwa hiyo ukilinganisha mstari mmoja na unaoufuata utaona kila hatua ilidumu muda gani. Fanya hivyo kwa washiriki watano au sita, wale waliomaliza mapema na wale waliochelewa.

Tazama hasa hatua mbili. Ya kwanza ni CA Reg, ambayo huulinganisha ubongo wa mshiriki na atlasi, yaani ramani ya mfano ya ubongo, kwa kuukunja na kuunyoosha kidogo kidogo. Hii ni ndefu kwa kila mtu na hakuna la kushangaza ndani yake. Ya pili ni Fix Topology, inayoziba matundu na kukata madaraja ya uongo katika uso wa gamba la ubongo. Kwa picha safi hatua hii hupita bila kusumbua, lakini mshiriki akiwa alitikisa kichwa ndani ya skana, kasoro huwa nyingi na kubwa, na hatua hiyo peke yake inaweza kula masaa. Ukikuta washiriki wachache wanakwama hapo, tatizo lao liko kwenye picha, na hakuna prosesa itakayokuponya. Fungua picha zao uzitazame kwa macho yako kabla ya kuzirudisha kwenye foleni.

Kuhusu laptop kuwa nzito unapoendesha picha mbili, nadhani sababu ninaijua. Kwa kawaida WSL2 hupewa nusu tu ya RAM ya kompyuta, kwa hiyo FreeSurfer yako inaona GB 8 na wala si GB 16. Picha mbili kwa pamoja zinaijaza hiyo, mfumo unaanza kutumia diski badala ya RAM, na hapo kasi inaporomoka. Andika amri free -h ujithibitishie, kisha ongeza kiwango hicho katika faili la .wslconfig hadi GB 12 au 13. Hakikisha pia kwamba data zako ziko ndani ya mfumo wa mafaili wa Linux na si chini ya /mnt/c, ambako diski ya Windows huonekana, kwa sababu kusoma na kuandika kupitia njia hiyo ni polepole sana. Hayo mawili hayagharimu hata senti.

Daktari_wa_Takwimu

Naunga mkono aliyotangulia kuyasema, nami nitajikita kwenye manunuzi. Mgawanyo aliokuandikia muuzaji haufai kwa kazi hii. Amri ya recon-all, ile inayoendesha hatua zote za FreeSurfer, katika toleo lako haitumii kadi ya grafiki kabisa. Zamani, katika matoleo ya 5, kulikuwa na hatua chache zilizoweza kutumia kadi za NVIDIA, lakini uwezo huo uliondolewa. Kadi ya mamilioni itakaa ikionyesha skrini tu huku prosesa ikihangaika peke yake.

Jambo la kuelewa ni kwamba kuna njia mbili za kutumia viini vingi. Njia ya kwanza ni kuvielekeza vyote kwenye picha moja kwa chaguo la -openmp. Njia hii ina ukomo ambao Gene Amdahl aliueleza tangu mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoamua kasi ya mwisho. Tuchukulie kwamba asilimia 60 ya kazi inagawanyika na 40 haigawanyiki. Ukitumia viini 4, kasi itaongezeka mara 1.8 tu, na hata ukileta viini 100 hutafika mara 2.5. Njia ya pili ni kumpa kila mshiriki kiini chake na kuendesha washiriki wengi kwa wakati mmoja. Kwa kuwa picha ya mshiriki mmoja haihitaji chochote kutoka kwa mwenzake, hapa unapata karibu faida yote ya viini ulivyolipia. Wewe una washiriki 220 na huna haraka na mmoja wao mahususi, kwa hiyo njia hii ya pili ndiyo yako.

Kinachofuata ni RAM, maana kila picha inayoendeshwa inahitaji nafasi yake. Mimi hutenga GB 5 kwa kila picha katika toleo la 7, kiasi kinachoacha akiba kidogo kwa hatua zinazopanda ghafla. Ukiwa na prosesa ya viini 12, kwa mfano AMD Ryzen 9 7900, na RAM ya GB 64, utaweza kuendesha picha 10 kwa pamoja: GB 50 kwa ajili yake, na viini 2 pamoja na GB 14 vikibaki kwa mfumo wenyewe. Tuseme kila picha itachukua saa 9, kwa kuwa picha 10 zinazogombea njia moja ya kwenda kwenye RAM hazikosi kucheleweshana. Hizo ni awamu 22 za saa 9, yaani saa 198, takribani siku 8 na robo, badala ya miezi mitatu. Usidanganywe na tangazo la «nyuzi 24» (threads, yaani mifululizo ya kazi) kwenye prosesa ya viini 12. Nyuzi hizo zinagawana viini vilevile, na ukiendesha picha 24 utakosa RAM kabla hujaona faida yoyote.

Kuna undani mmoja ambao wauzaji wengi huupuuza. RAM hiyo inunuliwe ikiwa vijiti viwili vya GB 32, si kimoja cha GB 64 wala vinne vya GB 16. Kijiti kimoja kinaiacha njia moja kati ya mbili za kufikia RAM ikiwa tupu, na katika kazi inayobeba picha nzimanzima huku na kule hasara hiyo inaonekana waziwazi. Vijiti vinne vya DDR5 katika prosesa za aina hii hulazimisha RAM ishushe kasi yake. Nimependekeza 7900 badala ya 7950X yenye viini 16 kwa sababu ya joto pia: ya kwanza imekadiriwa wati 65 na ya pili wati 170, na kompyuta itakayofanya kazi kwa nguvu zote siku nane mfululizo katika chumba kisicho na kiyoyozi itapunguza kasi yenyewe ili isiungue.

Diski isikuumize kichwa. Folda ya mshiriki mmoja ikikamilika hufika takribani MB 300 hadi 400, kwa hiyo washiriki wako wote hawazidi GB 90. Diski ya NVMe ya TB 1 inatosha, pamoja na diski ngumu ya nje kwa ajili ya nakala. Recon-all husoma picha ndogo na kisha kupiga hesabu kwa saa nyingi, hivyo kasi ya diski haiguswi sana. Hali ni tofauti kwa anayetumia fMRIPrep, programu ya kuandaa picha za utendaji wa ubongo, maana folda yake ya kazi inaweza kuvimba hadi makumi ya GB kwa mshiriki mmoja.

Picha_za_Difyusheni

Ninakubaliana na hesabu za Daktari kwa recon-all, lakini sipendi msomaji mwingine aondoke hapa akiamini kwamba kadi ya grafiki haina kazi katika fani hii. Mimi hushughulika na picha za difyusheni, zile zinazofuatilia mwendo wa maji ndani ya nyuzi za ubongo, na katika FSL, programu ya picha za ubongo ya Chuo Kikuu cha Oxford, kuna amri ya bedpostx inayokadiria mwelekeo wa nyuzi katika kila vokseli, yaani kila kijichemraba cha picha. Vokseli ni maelfu kwa maelfu na kila moja huhesabiwa kivyake, kwa hiyo kadi yenye maelfu ya viini vidogo inafaa mno. Kazi ya takribani siku nzima kwenye prosesa huisha chini ya saa moja kwenye kadi. Sharti ni kwamba kadi iwe ya NVIDIA, kwa kuwa programu hizo zimeandikwa kwa CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kupigia hesabu kwenye kadi zake.

Hata kwa kazi ya Mtafiti kuna FastSurfer, programu mbadala ya FreeSurfer, iliyotoka katika kituo cha utafiti cha DZNE mjini Bonn, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2020. Mtandao wa neva uliofunzwa hugawa sehemu za ubongo kwa chini ya dakika moja kwenye kadi ya grafiki, na kadi yenye GB 8 inatosha. Hata hivyo kupima unene wa gamba bado kunahitaji hatua ya kujenga uso, na hiyo hufanywa na prosesa kwa saa moja hivi. Kwa hiyo ukiwa na fedha zilizobaki, kadi ya kawaida kama RTX 3060 ya GB 12 inastahili kufikiriwa, baada ya kutimiza prosesa na RAM.

Mtafiti_Dodoma

Nawashukuru sana. Nimetazama mafaili ya log kama nilivyoelekezwa. CA Reg ndiyo ndefu zaidi karibu kwa kila mshiriki, ila kuna washiriki wanne ambao Fix Topology imewala saa nyingi zaidi kuliko hatua nyingine yoyote, na nilipofungua picha zao nikaona mistari ya mtikisiko inayozunguka paji la uso hadi kisogoni. Wote wanne ni wagonjwa. Amri ya free -h nayo imeonyesha GB 7.7 tu. Ombi nitaliandika kwa viini 12 na GB 64. Limebaki swali la kuchanganya matokeo, na sasa najiuliza pia kama nihamie FastSurfer au FreeSurfer 8.

Daktari_wa_Takwimu

Usichanganye. Utafiti uliochapishwa katika jarida la PLoS ONE mwaka 2012 ulichakata picha zilezile kwa matoleo tofauti ya FreeSurfer, na ukakuta tofauti ya wastani wa asilimia 8.8 katika ujazo na asilimia 2.8 katika unene wa gamba. Kubadili aina ya kompyuta au mfumo endeshi nako kulileta tofauti, ingawa ilikuwa kama nusu ya hiyo. Tofauti ya hipokampasi unayoitafuta kati ya makundi yako inaweza kuwa ya ukubwa huohuo. Kwa kuwa kompyuta mpya itamaliza washiriki wote kwa siku tisa, anza upya na wote 220 kwa toleo la 7.4.1 juu ya Linux ileile, na uzime masasisho ya mfumo hadi umalize. Toleo la 8 linatumia mitandao iliyofunzwa katika baadhi ya hatua na linahitaji RAM kubwa zaidi kwa kila picha, kwa hiyo hesabu yetu ya picha 10 isingesimama.

Suala la wagonjwa wanne ni zito kuliko la kompyuta. Mtikisiko hulifanya gamba lionekane jembamba kuliko lilivyo, na kama wanaotikisika wako upande mmoja tu, utaona tofauti ya ugonjwa mahali ambapo ipo tofauti ya utulivu. Kagua picha zote kabla hujajua ni ya kundi gani, na andika kigezo cha kuondoa picha kabla ya kuona matokeo.

Seva_na_Nyuzi

Niongeze la umeme, maana siku nane ni nyingi. Tenga sehemu ya bajeti kwa UPS, betri ya akiba itakayokupa muda wa kuzima kompyuta kwa utaratibu. Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, FreeSurfer huacha faili la IsRunning.lh+rh ndani ya folda ya scripts, na ukianzisha tena itakataa ikidhani kazi bado inaendelea. Lifute faili hilo, kisha tumia recon-all -s jina_la_mshiriki -make all, ambayo hukagua hatua zilizokamilika na kuendelea na zilizobaki. Ila kwa mshiriki ambaye hatua yake ilikatika wakati faili linaandikwa, mimi humrudia tangu mwanzo, kwa sababu faili lililoandikwa nusu linaweza kuhesabiwa kuwa limekamilika.