Naomba ushauri: Kisumu, vyungu, mafunjo na aliya

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni wa Nakuru, nataka kushuka Kisumu mwezi ujao pamoja na shangazi, na hatuendi kutazama viboko. Yeye hupika kwenye harusi, mimi husuka vikapu. Soko la Kibuye tumeambiwa Jumapili ndiyo siku yenyewe. Je, vyungu vya udongo viko upande gani, na nitajuaje kilichochomwa kikaiva? Mimi hugonga kwa kidole nisikie kinavyolia. Pengine wenyeji wana njia bora.

Dunga, kule ufukweni mwa ziwa, ndiko hasa ninakotaka kufika. Mafunjo ya ziwani hukatwa, yakaanikwa juani, kisha yakasukwa mikeka, vikapu, hata viti. Kuna mama au mzee atakayekubali nikae naye asubuhi nzima nikijifunza, nami nimlipe muda wake? Ziara za kupiga picha na kuondoka sizitaki kabisa.

Shangazi hoja yake ni aliya. Nyama ile iliyoanikwa, mnailowesha kwanza au inaingia chunguni moja kwa moja? Na mboga ya osuga (mnavu), maziwa hutiwa mapema au mwishoni, ule uchungu upungue? (Ananiambia niandike "bila mchuzi wa pakiti", basi nimeandika.) Samaki na ugali wa mtama tutajitafutia.

Halafu mawe ya Kisii, yale yanayochongwa Tabaka. Kwenda na kurudi siku moja kwa matatu kutoka Kisumu kunawezekana, au tulale huko?